Kiatu Kimoja cha Kila Jozi

Raphaël aliuza viatu sokoni, mjini Baraka. Miaka ile ya vita alikuwa mjanja: mezani alipanga vya kushoto tu, vya kulia alivificha nyumbani. Mporaji akija, atavaa nini mguu wa pili?

Lakini ujanja huo haukumsaidia mkewe, Godelieve, alipojifungua mtoto wa tatu. Raphaël alimtazama mtoto, akanuna. Akakataa kumpa jina.

"Batoto bengine banafanana na mi. Huyu iko wa nani? Utarudia kwenu Swima."

Godelieve hakuwa na kosa. Alilia mpaka macho yakavimba.

Muuguzi Florentine alikuja kumpima mtoto, akayakuta hayo. Aliomba jozi tatu za viatu, akazipanga mkekani.

"Papa Raphaël, ndani ya seli za mwili muko nyuzi ndogo sana, kromosomu. Ndizo zinabeba rangi, pua, urefu. Ni jozi makumi mbili na tatu, sawa vile hizi bilatu. Kilatu ya kushoto ilitoka kwa mama yako, ya kuume kwa baba yako. Lakini mbegu yako inabeba kilatu moja tu ya kila jozi."

"Juu ya nini?"

"Sababu yai ya mama nayo inaleta nusu. Kila mutu akileta zote, mutoto atakuwa na mara mbili, na mutoto wake mara mbili tena. Itaisha wapi?"

Akaeleza kwamba seli inayotengeneza mbegu hunakili kromosomu zake mara moja, kisha hugawanyika mara mbili. Hutoka mbegu nne, kila moja ina nusu. Mgawanyiko huo huitwa meiosisi.

Florentine akachukua kiatu kimoja katika kila jozi: kushoto, kulia, kushoto. Akarudisha, akachukua kulia, kulia, kushoto.

"Kila mara inachaguliwa ingine. Ndiyo maana batoto ba tumbo moja habafanane."

Raphaël akashika kichwa. "Kazi yote hiyo mu mwili yangu, na mi sijue! Mungu ni fundi!"

"Na mudogo wako Eddy, munafanana?"

"Hapana. Ye murefu, mi mufupi."

"Basi nani alimufukuza mama yenu?"

Raphaël akainama kwa aibu. Kisha akamwomba mkewe radhi, akampokea mtoto, akampa jina la mama yake mwenyewe: Anastasie.

Godelieve hakwenda Swima. Na jirani akisema mtoto hafanani na baba, Raphaël huonyesha meza yake ya viatu vya kushoto.

"Unaona kilatu moja tu, ndugu. Ingine iko ku nyumba."