Leveli Iliyomgomea Fanuel

Rafiki yangu Fanuel wa Kijenge alikwenda Maji ya Chai, nyumbani kwa marehemu mama yake, kuchukua masufuria. Siku anakata roho, mama alimpigia simu tena na tena. Fanuel aliikata kila ilipoita, eti inamharibia gemu. Gemu lenyewe la kupanga rangi zifanane!

Jioni ile umeme ukakatika. Akakaa kwenye kitanda cha mama, akafungua gemu. Leveli ni ileile ya siku ile, bado imemgomea. Akahangaika na vitufe vya rangi vya juu huku akitukana.

Kitanda kikabonyea nyuma yake. Gizani kikasikika kikohozi anachokijua.

“Anza chini, baba. Vya juu vitashuka vyenyewe.”

Akaanza chini. Leveli ikapita.

“Haya, umeshamaliza,” sauti ikasema. “Sasa pokea.”

Simu ikaanza kuita mkononi mwake.