Nani Alikutuma Uoshe Mabehewa?

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu. Huyu anataka misumari, yule anagombana na muuzaji juu ya urefu wa waya, na katikati ya foleni fundi wa meno bandia alikuwa amefungua kopo dogo la rangi, akikagua kama kweli ni kahawia ya kutu au ni kahawia ya milango. Mtu aliyebeba bomba begani akageuka ghafla. Bomba likampiga kiwiko, na rangi ikaruka ikatua kwenye shati jeupe la mwanaume aliyekuwa mbele yake.

"Macho yako yako wapi?" fundi wa meno alifoka.

Alikuwa anamfokea mwenye bomba, lakini mwenye bomba alishayeyuka. Aliyegeuka ni mwenye shati.

"Ningekuwa nayo mgongoni, dada, ningekwepa."

Shati lenyewe lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama ukingo wa karatasi. Fundi wa meno alijitazama: gauni la bluu la kazini, viatu bapa, kucha fupi zenye nta nyekundu ya kutengenezea fizi. Aibu ikapanda na hasira ikashindwa kushuka.

"Nitakulipa shati."

"Hulipi kitu. Mimi dobi. Hili doa litatoka kabla halijajua limefika wapi." Akachungulia kopo. "Ila niambie jambo moja. Watu wote humu wananunua rangi ya kuzuia kutu. Wewe unanunua kutu yenyewe?"

"Ni ya treni yangu."

"Una treni?"

"Ninayo."

"Sawa. Na mimi ndege yangu nimeiegesha hapo nje, nikusogeze?"

Alicheka bila kupenda. Ndivyo namba za simu zilivyobadilishana mikono.

Tangu hapo simu ya jioni ikawa na salamu yake.

"Treni imefika, kipenzi?"

"Imekwama. Dereva hajala."

"Mwambie dereva abiria anakuja na chakula, asiondoke."

Na kweli alikuja. Akaingizwa kwenye chumba ambacho marafiki wengi wa fundi wa meno hawakuwahi kukiona, kwa sababu alichoka kuulizwa ataacha lini mambo ya kitoto. Milango miwili kuukuu ilikuwa imelazwa juu ya vigingi, ikijaza chumba mpaka mtu apite kwa ubavu. Juu yake reli nyembamba zilizunguka vilima vya magazeti yaliyolowekwa gundi, zikavuka daraja la vijiti, zikaingia stesheni yenye saa na benchi ambalo rangi yake ilikuwa imebabuka mahali watu wanapokalia. Fundi wa meno akawasha transfoma ya kupeleka umeme kwenye reli. Kichwa cha treni, kirefu kama kidole, kikaanza kunguruma, kikapita kwenye makutano kikitoa sauti ndogo ya tiki-tiki.

Dobi hakucheka. Aliweka shavu lake mezani, macho usawa wa reli.

"Nikilala hivi inakuwa kubwa," alisema.

Mwanamke akampenda kwa sentensi hiyo. Hakumwonyesha mabehewa siku ile. Yalikuwa kwenye sanduku juu ya rafu, hayajakamilika, na yeye hakuwa mtu wa kuonyesha kitu nusu.

Mapenzi yakakolea. Dobi akapata nyumba ya kupanga, akampigia simu akihema.

"Ina chumba kikubwa na kidogo, laazizi. Kikubwa cha treni. Kidogo chetu mimi na wewe, tukibanana tuzoee. Nioe, basi!"

"Mwanamume ndiye anayeoa, wewe!"

"Basi olewa. Mimi sichagui."

"Nipe mpaka Jumapili. Nikimaliza maonyesho nitakujibu." Chama chao cha wapenda treni ndogo kilikuwa na maonyesho kwenye ukumbi wa shule, na treni yake ya mizigo ingetembea mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Moyoni jibu lilikuwa tayari. Alitaka tu kulitoa akiwa na raha mbili pamoja.

Wiki hiyo kazi ikampeleka mji mwingine kuwawekea wagonjwa meno. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, fundi bomba angekuja, hivyo akamwachia dobi ufunguo.

Aliporudi Alhamisi alasiri, bomba lilikuwa kavu. Jiko lilikuwa linanukia. Akaenda chumba cha treni hata kabla ya kuvua viatu, na pale mezani, yakiwa yamepangwa kwenye reli kwa unyoofu wa askari, mabehewa yake yalikuwa yanang'aa.

Alisimama mlangoni. Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

Miezi mizima alikuwa akiyachafua mabehewa yale. Alisaga kutu ya kweli kutoka kwenye vyuma vya kutupwa, akaichekecha kwa soksi ya nailoni. Alipaka masizi kwa brashi ya nywele chache, ile ile anayotumia kutia umanjano kwenye meno ya bandia ili mzee asionekane ameweka vigae mdomoni. Kila mtiririko wa mafuta ulishuka pale mafuta yanapodondoka kweli. Kila mpini ulikuwa umefifia pale mkono wa mfanyakazi unaposhika. Kilichobaki kilikuwa vanishi ya kushikilia uchafu usitoke, nayo alikuwa aipake akirudi.

Akampigia dobi. Simu iliita mara moja tu.

"Umefika, kipenzi? Umeona sapraizi yangu?"

"Nani alikutuma uoshe mabehewa?"

"Umefurahi? Nimeyakuta sandukuni yana hali mbaya hayo, mama! Nimeyaloweka kwa maji ya vuguvugu, nikayasugua kwa mswaki..."

"Nakuuliza nani alikutuma!"

"Hakuna aliyenituma. Yalikuwa machafu."

"Niliyachafua mimi! Kwa mikono yangu! Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wewe mwanamume. Behewa safi linauzwa dukani, hata mtoto anaweza kulinunua!"

"Basi... basi nitakununulia mengine. Usilie. Ni vitu vya kuchezea tu, mpenzi."

Maneno hayo yalimtoka kwa hofu, si kwa dharau, na mtu mwenye subira angeweza kuusikia ule mtetemo wa sauti. Lakini siku ile subira haikuwepo nyumbani.

"Ufunguo wangu uache kwa jirani. Na ile nyumba yako kapange na sabuni."

Akakata simu. Akajaribu kurudisha kutu jioni ile ile. Unga wote uliteleza ukaanguka, kama maji kwenye jani. Yule mtu alikuwa ameyapaka kitu, na asingejua cha kukiondolea bila kujua ni nini.

Dada yake mkubwa akapiga.

"Mdogo wangu, nimeongea na shemeji. Eti umemwacha mwanaume kwa kosa la kuosha? Wangu huku hajaosha hata kijiko tangu tuoane! Nipe huyo, mimi nina masufuria."

"Usicheke, dada."

"Sicheki. Ila hasira hasara, unajua."

"Hasara ilitangulia," alijibu. "Hasira imekuja nyuma yake, tena imechelewa."

Ijumaa mchana aliacha meno ya watu yakikauka kwenye rafu akaenda dukani kwa dobi. Alikuwa ameyapanga maneno njiani kama mawe mfukoni. Mvuke wa pasi ulimpiga uso mlangoni. Nguo zilining'inia kila mahali, kila moja na kikaratasi chake, na kaunta ilikuwa na mteja, mama mtu mzima mwenye kitambaa cha meza. Dobi alikuwa amekikunjua, anakipitia kidole kwa kidole. Hakumwona aliyeingia.

"Mama, mchuzi huu utatoka. Na huu wino hapa pembeni?"

"Huo uache, mwanangu. Ni mjukuu wangu alipokuwa anajifunza kuandika jina lake."

"Nitauzungushia uzi mwekundu usije ukaguswa."

Mama akaondoka. Dobi akainua macho, na mawe yote yakamtoka mwanamke mfukoni. Likabaki moja ambalo hakuja nalo.

"Kwa hiyo huwa unauliza," alisema.

"Nini?"

"Madoa. Unauliza lipi litoke na lipi libaki. Kitambaa cha meza cha mtu usiyemjua unakiuliza. Mimi hukuniuliza."

"Mteja lazima umuulize. Ukiharibu, harudi tena."

"Na mimi?"

Dobi alikikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akasema, na huenda ndiyo ilikuwa sentensi ngumu zaidi kuwahi kumtoka: "Wewe nilijua utanisamehe."

"Hapo!" Alipiga kaunta mpaka hanga zikagongana. "Hapo hapo! Si kuosha. Kuosha ni ujinga, na ujinga hausikitishi. Mgeni unamwogopa, mimi unanizoea. Bado hata sijakuwa mke wako! Nikishakuwa je? Utaning'arisha na mimi?"

"Nimekosa."

"Jana ulisema ni vitu vya kuchezea."

"Nilikuwa naogopa. Mtu akiogopa husema kitu ni kidogo ili kosa lake nalo liwe dogo." Akakiweka kitambaa kando. "Hata leo sijui ulichokipaka. Niliona uchafu, basi. Mimi doa nikiliona silisomi, naliondoa."

"Ulimalizia kwa kitu gani?"

"Nta ya makoti ya ngozi. Inatoka kwa spiriti, pamba, polepole. Yalete nitoe."

"Sileti. Nipe spiriti."

Alimpa chupa. Mlangoni, bila kugeuka, mwanamke akasema, "Kesho asubuhi uje kwenye uzio wa yadi ya treni. Na usinipigie simu."

Jumamosi dobi alifika kabla yake, shati jeupe, mikono nyuma. Upande wa pili wa uzio mabehewa ya mizigo yalikuwa yamesimama kwenye jua, makuukuu, yamevimba kutu. Mwanamke hakumsalimia.

"Tazama lile. Usiseme kitu mpaka umeliona."

Akatazama. Mwanzoni alitazama kama mtu anayetumikia adhabu. Baadaye shingo ikaanza kusogea, macho yakapanda na kushuka. Alipoongea, aliongea kwa sauti ya kaunta, ile ya kitambaa cha meza.

"Mafuta yalitangulia. Vumbi likaja likanasa juu yake. Halafu mvua... ilinyesha kutokea upande huu, ikaosha hapa, ikaacha pale chini ya kingo." Akasogea mpaka paji likagusa waya. "Na pale mlangoni kumepauka. Kuna mtu anaweka bega anaposukuma. Mfupi. Na ni mkono wa kushoto."

Fundi wa meno alilijua behewa lile miaka yote, na bega la mtu mfupi hakuwahi kuliona. Hilo nalo lilimkera.

"Haya ndiyo niliyoyaosha?" dobi aliuliza taratibu.

"Haya."

Hakuomba msamaha tena. Uso wake ulikuwa umeshuka wenyewe.

"Nimerudisha mawili tu," mwanamke alisema. "Kesho treni itatembea na mawili machakavu na mengine yanayong'aa kama meno ya tangazo. Watu wakiuliza, utawajibu wewe."

"Nitawaambia mwenye treni ana dobi mpumbavu."

"Utasimama pale kutwa nzima."

"Nitasimama."

"Na ile nyumba, chumba kikubwa, huingii na kitambaa wala brashi. Kitu cha mezani hukigusi bila kuniuliza. Na mimi hata kiatu chako sikigusi bila kukuuliza. Umesikia?"

Dobi alimgeukia polepole. "Ile nyumba?"

"Nimekubali. Usicheke! Nimekubali nikiwa bado nimekasirika, uelewe hivyo. Nisije nikakubali nimefurahi, ukadhani mambo yameisha."

"Sicheki."

"Unacheka machoni."

"Nikushike mkono?"

"Subiri nimalize kukasirika."

Kichwa cha treni kikapiga honi ndani ya yadi. Mabehewa yakavutana, moja likaamsha lingine, na msafara ukaanza kupita mbele yao kwa kishindo kilichotetemesha uzio. Dobi alisubiri, mkono wazi. Fundi wa meno alitazama mbele, midomo imekaza, kutu juu ya kutu ikipita. Behewa la mwisho lilikuwa bado halijatokea alipompa mkono wake.