Fomu za Wadhamini za Mheshimiwa Wojnar

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne, siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kugombea, Dolores Petrilla, katibu wa mbunge, alifungua kabati la ofisi na kukuta boksi tupu. Fomu arobaini na moja, zenye saini za wanachama mia sita na kumi na wawili, hazikuwamo.

Kabati halikuvunjwa wala mlango. Fomu zilipaswa kuwa kaunta ya uchaguzi Harrisburg, makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, kabla ya saa kumi na moja jioni. Zisipofika, Mheshimiwa Leonard Wojnar, aliyekalia kiti hicho cha bunge la jimbo miaka ishirini na miwili, hangekuwamo kwenye mchujo wa chama. Muda wake ukiisha Novemba, ofisi ingefungwa, na bima ya afya ya Dolores ingekwenda nayo. Mumewe, Emil, alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa bima hiyo. Dolores hakuhitaji kupiga hesabu yoyote. Alijua tu kwamba Emil angekufa.

Akampigia polisi, kisha Mheshimiwa.

"Ni yule mwalimu," Wojnar alisema papo hapo. "Hartzell. Niachie mimi, naongea na redio."

Brenna Hartzell, mwalimu wa sayansi mwenye miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyethubutu kumpinga mzee ndani ya chama chake mwenyewe. Enzi za chuo aliwahi kujitolea ofisini humo kiangazi kizima, na alijua funguo za akiba za mlango na za kabati zinafichwa wapi. Saa nne kasoro robo redio ilikuwa imeshamtaja. Afisa Reese wa polisi naye alipiga simu kusema yuko kwenye ajali ya lori barabara kuu, atafika saa nane.

Saa nane ilikuwa mbali mno. Dolores akavaa koti, akavuka barabara kwenye theluji iliyokwisha kuwa matope, akaingia kwa Gus Havrilak, kinyozi, ambaye hakuna kinachopita mtaani asikione.

"Jana niliondoka saa kumi kumpeleka Emil hospitali," alisema. "Baada ya hapo ulimwona nani?"

"Mwalimu wako. Saa kumi na moja kamili. Kagonga, kagonga, kachungulia dirishani."

"Aliingia?"

"Hapo sasa! Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, bibie, nilipogeuka hayupo." Gus alikung'uta taulo kwa hasira. "Na huyo bosi wako mwambie nimemnunia. Alipogombea mara ya kwanza kabisa, saini ya mia tatu, iliyotimiza idadi, ilikuwa yangu. Tangu hapo kila siku ya kurudisha fomu huniletea ile ya mwisho, mstari mmoja umeachwa kwa saini yangu. Leo kaja saa mbili, kanyolewa, katoka. Hata karatasi sijaiona. Ndiyo uzee huo?"

"Ana mawazo, Gus," alisema Dolores, na tayari alikuwa mlangoni. Kichwani mwake kulikuwa na jina moja tu.

Alimkuta Brenna nyumbani, macho mekundu. Mkuu wa shule alikuwa amemrudisha baada ya wazazi kuanza kupiga simu.

"Zirudishe," Dolores alimwambia hata kabla ya salamu. "Sitamwambia mtu. Nipe tu niondoke."

"Mama Petrilla, wewe ndiye uliyenifundisha kujibu simu pale ofisini. Kweli unaniona mwizi?"

"Umeonekana mlangoni saa kumi na moja."

"Kwa sababu niliitwa." Brenna alimsogezea simu yake. Saa kumi na dakika ishirini na mbili jana yake, kulikuwa na simu ya dakika mbili kutoka namba ya Wojnar. "Alisema njoo tuyamalize kiungwana, mimi na wewe tu. Nikagonga hadi vidole vikafa ganzi. Hakufungua."

Dolores aliitazama ile namba. Aliijua kuliko ya kwake. Hapo ndipo maneno ya Gus yalipomrudia. Saa mbili asubuhi bado hakuna aliyejua kwamba boksi ni tupu. Mtu ambaye bado anaamini fomu zake zimo ndani, mwenye ufunguo wake mfukoni, angepitia ofisini achukue ile ya mwisho ampelekee kinyozi, kama alivyofanya kila mara. Wojnar alikwenda mikono mitupu kwa sababu alijua hakuna fomu ya kuchukua.

Baada ya kumtafuta mji mzima, saa saba na nusu alimkuta Wojnar ofisini, ameketi na kofia kichwani.

"Ziko wapi, Mheshimiwa?"

"Si nimeshasema, yule binti..."

"Gus amekununia. Hukumpelekea mstari wake."

Mzee alivua kofia.

"Zimo kwenye buti la gari. Nilitaka kuzichoma, nikashindwa. Watu walivua glavu kwenye baridi ile kunisainia."

"Kwa nini?"

"Nimeona takwimu za utafiti wa maoni ya wapiga kura. Ananipiga kwa kura ishirini katika kila mia. Mimi, Dolores! Kabinti kalikokuwa kananiletea kahawa. Nikiibiwa, naondoka na heshima yangu. Nikishindwa, wananicheka mpaka kaburini."

"Na yeye je? Wamemtoa darasani."

"Kijana yule, atasahau."

"Nipe ufunguo wa gari. Bado nafika Harrisburg."

"Ukizipeleka, kesho naandika barua ya kujitoa. Sheria inaniruhusu." Aliinamia meza, sauti ikashuka. "Nisikilize. Reese akija, sema hujui lolote. Nina simu moja tu ya kupiga, kesho kutwa una kazi ofisi ya spika. Bima ileile. Emil hakosi hata siku moja."

Dolores alikaa. Alitaka kukubali, alitaka kwa nguvu zote, na alijichukia kwa kutaka. Alimwona Emil akilini, kwenye kiti cha hospitali, mkono umenyooshwa kwenye mashine. Akamwona na Brenna akimsogezea simu bila hata kumtukana.

Saa nane na dakika tano Reese aliingia akipangusa viatu. "Haya, mama. Ni yule mwalimu, au vipi?"

Wojnar alimtazama Dolores, akamwomba kwa macho.

"Si yeye," alisema Dolores. "Fomu zimo kwenye gari la Mheshimiwa. Amezitoa mwenyewe, na ndiye aliyemwita binti yule kwa simu ili aonekane mlangoni. Muulize, yuko mbele yako."

Reese alimgeukia mzee. Wojnar aliweka ufunguo wa gari mezani.

Kesho yake Emil alikuwa kwenye mashine. Dolores alimweleza yote, tangu boksi hadi kazi ya ofisi ya spika, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie. Emil alisikiliza macho yake yakiwa darini.

"Ungenyamaza tu, Dolores," alisema.

Akageuzia uso ukutani. Dolores alivua koti, akavuta kiti, akakaa karibu naye, kwani zilibaki saa tatu za mashine.