Bahasha Iliyochomwa Gehandu

Jumamosi, saa nane mchana, Mwalimu Verediana aliyewafundisha mgambo kusoma alikuta kabati la ofisi ya kijiji cha Gehandu limevunjwa, na nyuma ya jengo bahasha moja imekuwa majivu. Ilikuwa mwaka 1983, mashamba ya ngano ya serikali yakitafuta madereva wa mashine za kuvunia. Mgambo wawili watakaofaulu mtihani wa asubuhi ile wangepelekwa kozi.

Koplo Ignasi wa polisi alifika saa kumi kwa baiskeli kutoka Katesh, magoti yakimuuma, amechoshwa na miaka ishirini na sita ya kazi. Akaitikia shikamoo ya mwalimu, akauliza nani walibaki saa saba, wenzao walipokwenda mbio za mazoezi. Walibaki wawili: Gidabuday, mfugaji aliyeteguka mguu, na Tomaso, kiongozi wa mgambo.

Watu walikwisha kumhukumu Gidabuday, maana malisho ya baba yake yalichukuliwa yakalimwa ngano ya serikali.

"Hasira ninayo," alisema Gidabuday. "Lakini ng'ombe hawana pa kulishia tena. Heri niendeshe hiyo mashine. Nichome karatasi yangu mwenyewe?"

Tomaso alieleza kwamba alikwenda kuchota maji. Alipoulizwa nani walifanya mtihani, aliwataja wote thelathini na mmoja, yeye mwenyewe akiwamo, bila kutazama daftari. Ignasi akamsifu.

Kisha akapekua kabati. Humo ilibaki bahasha yenye herufi kubwa: MTIHANI. Karatasi zote zilikuwamo, moja nyeupe kabisa, haina hata jina. Iliyokosekana, ndiyo iliyoungua, ilikuwa bahasha ya pili, yenye orodha ya viatu vya mgambo.

Ignasi akawaita wote wawili, akampa Gidabuday bahasha. Gidabuday akasoma taratibu, silabi kwa silabi: "M-ti-ha-ni."

"Na wewe, Tomaso."

Tomaso akaipokea, akajipapasa mfukoni. "Miwani nimeisahau nyumbani."

"Si miwani, ndugu yangu," Ignasi alisema. "Aliyevunja kabati alizishika bahasha zote mbili, akachoma isiyo yenyewe. Hajui kusoma."

Tomaso akakaa chini. "Miaka kumi na moja nawaongoza," alisema. "Karatasi ile nyeupe ni yangu. Jioni ingesahihishwa, wangejua siwezi kuandika jina langu."

Verediana akamwambia kwa upole kwamba darasani nafasi ilikuwapo siku zote. Tomaso akajibu kwamba aliona aibu kukaa dawati moja na watu aliowafundisha kushika bunduki.

Ignasi akaandika maelezo, akafunga kalamu, akasimama aende zake.

"Umeandika nini, afande?" Tomaso aliuliza.

Koplo alikuwa hoi. Hata hivyo aliketi tena, akaisogeza karatasi katikati yao, akaanza kumsomea, kidole kikipita chini ya kila neno.