Usingizi Ulioachwa Ng'ambo

"Mrefu, simamisha! Simamisha hapo hapo!"

Redio ya mkononi ilikoroma tu. Juu angani mzigo wa matofali uliipita ghorofa ulipotakiwa kushushwa, ukaelekea pale mafundi walipokuwa wanachanganya zege.

"Mrefu! Unanisikia?"

Dada aliyekuwa akiongoza mizigo kutoka chini, ambaye kazini wote walimwita Filimbi, akapuliza filimbi yake mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mafundi wakatupa makoleo, wakatawanyika. Yeye akakimbilia katikati ya uwanja, mahali ambapo dereva wa kreni lazima amwone, akapunga mikono yote miwili. Kule juu kwenye kibanda cha kreni, Mrefu, mchumba wake, alikuwa anamtazama. Macho wazi kabisa.

Mzigo ukapita juu ya helmeti yake, ukayumba, ndipo ukasimama.

"Nimekusikia, mama," redio ikasema. "Kelele za nini?"

Mrefu akateremka ngazi akipepesuka. Alikuwa amerudi jana yake tu kutoka ng'ambo alikopelekwa kujifunza kreni mpya, nchi ambayo wao wakizima taa sisi ndiyo kwanza tunapiga mswaki. Mwili ulikuwa umefika, usingizi bado uko njiani. Usiku kucha alikuwa anaitazama dari.

"Ulisinzia," Filimbi akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nisinzie mimi? Nondo zimefika salama, wewe unapuliza kama refa aliyehongwa!"

Nondo zilipanda asubuhi, kabla ya chai. Mzigo huu ulikuwa wa matofali.

"Mrefu, nenda kalale."

"Nikienda kulala, Kipara anapanda. Na Kipara akipanda, hata umwagie maji ya moto hashuki. Leo ndiyo bosi anachagua dereva wa kreni mpya. Bila kazi ile harusi tutafungia wapi, kwenye karai?"

"Mama ameshaanza kushona gauni."

"Basi kama unanipenda, funga mdomo."

Msimamizi wa ujenzi akafika anahema, Kipara, yule dereva mwingine, nyuma yake.

"Filimbi, dereva wako yuko sawa?"

Mrefu alimkazia macho, mekundu kama nyanya. Filimbi akamgeukia msimamizi.

"Hayuko sawa, bosi. Alilala akiwa kule juu. Asipande tena."

Mrefu akavua helmeti, akaiweka chini miguuni pa mchumba wake.

"Umeniuza," akasema. "Tena mbele ya Kipara."

Kabla Filimbi hajafika nyumbani, ujumbe wa Mrefu ukaingia: "Mwambie mama yako aache kushona."

Akapiga. Simu imezimwa. Akapiga tena na tena.

"Mbona umekaa kama umekalia msumari?" mama yake akauliza kutoka kwenye cherehani. "Shingo ya gauni niiache wazi au niifunge?"

"Iache kwanza, mama."

"Wazi?"

"Yote. Iache yote."

Kesho yake jioni dada yake Mrefu akapiga simu.

"Wifi, njoo! Kaka amelala tangu jana jioni, viatu miguuni, kijiko mkononi. Nikimtikisa ananiambia nifunge mkanda, ndege inatua."

Filimbi alifika Mrefu ndiyo anafumbua macho.

"Chai iko wapi?"

"Chai gani jioni?" dada yake akajibu.

"Jioni ya leo?"

"Ya kesho yake, kaka."

Alipomwona Filimbi mlangoni, akageukia ukuta.

"Nina swali moja, kisha naondoka," Filimbi akasema. "Jana, mzigo wako wa mwisho ulikuwa nini?"

"Nondo. Ukanionyesha dole gumba, ukacheka."

"Hizo zilikuwa za asubuhi. Baadaye ulipandisha matofali."

"Sijabeba matofali mimi."

"Yalipita juu ya kichwa changu, Mrefu. Nilikupungia mikono yote miwili. Ulikuwa unanitazama, na hukuniona."

Mrefu akaketi. Akatafuta matofali kichwani mwake, hata moja hakuliona. Akaokota simu, akaiwasha, akampigia msimamizi.

"Bosi, Filimbi alisema kweli. Kreni mpya mpe mwingine."

"Nimeshampa Kipara. Ile ya zamani inakungoja, ila usinitokee kabla hujalala kama binadamu."

Akakata simu. Akamgeukia Filimbi.

"Ningekuua," akasema.

"Hukuniua."

"Bado utaolewa na dereva wa kreni chakavu?"

"Mimi nina ujumbe unaosema mama aache kushona. Mwingine sijapokea."

Mrefu akainamia simu, akaanza kuandika. Kidole kikaenda, kikapunguza mwendo, kikasimama. Kichwa chake kikaangukia begani kwa Filimbi, akaanza kukoroma.

Filimbi akaichukua simu taratibu asimwamshe, akasoma: "Mwambie mama aendelee kusho"

Akaumalizia mwenyewe, akautuma. Simu yake mwenyewe ikalia ndani ya mkoba. Akaufungua ujumbe, akausoma mpaka mwisho kama mtu asiyejua kilichoandikwa, kisha akapiga nyumbani.

"Mama? Ile shingo. Iache wazi."