Mdomo wa Kaneza

"Mwambie mama yako nataka kumuoa," Kazimili alisema huku akifuta grisi mikononi. "Mwambie taratibu, asije akashtuka."

Kaneza, mtoto wa miaka tisa, akamgeukia mama yake na kumwambia kwa Kirundi, bila kupepesa macho:

"Anasema operesheni imefika Nyakahura. Wanakamata kila aliyetoka kambini. Anasema tusije tena hapa kwake, tutamponza."

Felisita akashika ukingo wa benchi.

"Mwulize, kuna mtu ametusema?"

Kaneza akamgeukia tena fundi baiskeli, na kwa Kiswahili kilichonyooka akamjibu:

"Mama anasema hataki mume. Umuache."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao pale Lusahunga, mwaka ule wa operesheni ya kuwarudisha wakimbizi kwao. Mwanaume Msukuma, mwanamke Mrundi, na katikati mdomo wa mtoto. Kila neno tamu liliingia humo likatoka limechacha, na watu wazima wawili wenye akili zao wakaondoka kila mmoja njia yake.

Felisita na binti yake walikuwa wametoroka kambi ya Lukole, kule Ngara, wakaja kulima vibarua kwa mjane mwenzake, Auleria, aliyewapa chumba cha uani. Kaneza alikipata Kiswahili mchezoni. Mwanzoni alinyamaza kabisa, akawa anatazama tu midomo ya wenzake wakicheza rede, wakikwepa mpira. Siku moja akafoka, "Umetoka wewe, usiibe!" na tangu hapo hakunyamaza tena. Akikosea walimcheka, naye akacheka, mchezo ukaendelea.

Mama yake hakuwa na mchezo wa kujifunzia. Yeye aliamini akikosea neno moja tu, atapandishwa kwenye lori. Kwa hiyo alimeza. Aliyasikia maneno sokoni, kisimani, jikoni kwa Auleria, akayaweka ndani, na mdomoni akabaki na asante na shikamoo. Hiyo shikamoo yenyewe aliwagawia mpaka vijana waliotakiwa kumwamkia yeye.

Jioni ile simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Felisita akampa Kaneza, kama kawaida, maana mtoto ndiye aliyekuwa na macho ya kusomea Kiswahili.

"FELISITA KAMA WAZEE WAKO WAKO MBALI NTASUBIRI. KAMA NI WOGA NIAMBIE UNAOGOPA NINI. MIMI SIENDI POPOTE. KAZIMILI."

Kaneza akausoma kimya mpaka mwisho.

"Anasemaje?" Felisita aliuliza.

"Anasema watakuja kesho asubuhi. Hapa hapa kwa Auleria."

"Ameandika hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Felisita akamtazama binti yake. Kulikuwa na kitu kwenye ile sauti, lakini woga ulikuwa umeshamtangulia. Akaanza kufunga sufuria na blanketi.

Kulipokucha, Auleria alikuta chumba kitupu. Akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Umewafanya nini wageni wangu?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako baadaye. Umemwandikia nini yule mwanamke?"

Kazimili akampa simu. Auleria akausoma ujumbe, akaurudia.

"Sasa maneno mazuri hivi, mtu anayakimbiaje?"

"Hajui kusoma Kiswahili. Anasomewa na Kaneza."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema jina la mtoto.

"Mpigie," Auleria alisema, sauti imeshuka. "Upesi. Leo wale wa operesheni wanapita. Lori limeonekana njia ya Nyakahura."

Felisita na Kaneza walikuwa wamelala kifudifudi kwenye shamba la muhogo, hatua chache kutoka barabarani. Lori lilikuwa likipita polepole, limejaa watu, magodoro na kuku. Pembeni alikaa msichana wa rika la Kaneza, ameshika beseni tupu. Macho yao yakakutana. Kaneza alikuwa ameutunga uongo mwenyewe, na sasa uongo huo ulikuwa unapita mbele yake juu ya magurudumu. Akaanza kutetemeka mwili mzima, na mama yake akamlalia ili majani yasitikisike.

Vumbi lilipotulia, simu ikaita kifuani mwa Felisita.

"Nipe niongee naye," Kaneza alinong'ona.

"Hapana. Leo naongea mimi."

"Felisita?" ilikuwa sauti ya Kazimili. "Mko wapi?"

Maneno yote aliyoyameza yalikuwa humo ndani, ila hakuna lililokubali kutangulia.

"Felisita, sema chochote. Nakusikia unavyohema."

"Mimi... hapa. Shamba ya muhogo. Njia ya Nyakahura. Lori imepita. Mimi naogopa."

Kazimili akashusha pumzi. Miezi yote ile, hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikimwambia yeye jambo.

"Umekimbia nini?"

"Wewe nasema askari anakuja."

"Mimi sijasema askari. Nimesema nataka kukuoa. Jana nimesema, na juzi nimesema hilo hilo."

Kuoa. Auleria alikuwa akimtania kwa neno hilo jikoni, akijifunika kanga usoni na kujifanya bibi harusi, mpaka neno likamwingia lenyewe, ingawa jana, akisubiri mdomo wa mtoto, hakulisikia. Felisita akageuka taratibu.

"Kaneza," alisema kwa Kirundi, "huyu mtu alisema nini jana?"

Mtoto akalia bila kutoa sauti.

"Bibi alisema kule kambini. Mama akiolewa, mtoto anarudi kwenye ukoo wa baba yake. Alisema baba mkubwa Ndikuriyo atakuja kunichukua. Mimi simjui, mama. Sitaki."

Felisita akafumba macho. Hakuweza kumwambia ni uongo, maana ndiyo desturi ya kwao, na mama mkwe wake aliisema mbele ya watu. Alichosahau mama mkwe ni kwamba mtoto aliyelala mkekani naye ana masikio. Iliuma. Akarudisha simu sikioni.

"Kazimili. Wewe naoa mimi, Kaneza anaenda wapi?"

"Aende wapi tena? Anakuja nyumbani. Kaneza ni wa nyumba yangu. Atakayemtaka, aje aongee na mimi."

"Sema tena. Pole pole."

Akasema tena, pole pole. Kaneza alikuwa ameshaelewa mara ya kwanza.

Kazimili alifika na baiskeli, jasho likimchuruzika. Walikuwa ndiyo kwanza wanaingia barabarani, mgambo mmoja akatokea kwenye kona, rungu mkononi.

"Fundi. Huyo mama ni nani?"

"Huyu ni..."

"Sijakuuliza wewe. Aseme mwenyewe."

Felisita akamtazama Kaneza kwa mazoea. Lakini Kaneza, bingwa wa maneno, alikuwa amekwama. Mdomo wazi, sauti hakuna, amerudi kule kule alikoanzia rede. Felisita akajua leo hakuna wa kumsemea. Akapiga moyo konde.

"Mimi mke ya huyu. Sisi natoka shamba. Narudi nyumbani."

Mgambo akamkodolea macho.

"Unaongea kama mama yangu mzazi," mgambo alisema mwishowe. "Na yeye kazaliwa Kibimba kule Ngara, hajawahi kuvuka mpaka."

Kisha akainama hadi kwa mtoto. Alidhani watoto hawajui kudanganya.

"Haya, wewe. Baba yako nani?"

Kaneza akamtazama mama yake, halafu akanyoosha mkono akashika kiti cha baiskeli.

"Baba ni huyu. Kazimili."

Mgambo akawaangalia wote watatu. Kwa mbali lori jingine lilisikika likipanda kilima.

"Piteni njia ya mashambani," alisema bila kuwatazama. "Na wewe fundi, leo leo nenda kwa mwenyekiti ukaandikishe watu wa nyumba yako. Mwenzangu wa zamu ijayo hana mama kama wangu."

Walitembea kwenye kijia cha mihogo. Walipofika mbali, Felisita akasimama.

"Kaneza," alisema, kwa Kiswahili, "pale umesema nini?"

Alikuwa amesikia vizuri kabisa.

"Nimesema baba ni huyu."

Felisita akamgeukia Kazimili, machozi yakimlenga.

"Mtoto anasema baba ni wewe," akamtafsiria.