Mraba wa Kijani

Mifupa ilikuwa nusu mita chini ya majani ya misonobari. Buti la kushoto lilikuwa bado limefungwa kamba.

"Fuvu limepasuka kisogoni," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Kitu kizito, bapa."

"Koleo?"

"Naam, koleo."

Inspekta Danuta Wrzos aliandika. Ilikuwa maiti yake ya nne mwaka huo, na moyo ulikwisha kuota sugu.

Aliyelipata kaburi alikaa kwenye kisiki. Zenon Kalinka, fundi wa boila, alikuwa amemtafuta mdogo wake Witek kwa miaka sita, tangu alipoingia msitu huu wa Augustów kusaka mabaki ya vita asirudi.

"Ulijuaje uchimbe hapa, Bwana Zenon?"

"Ramani ya leza, afande. Ndege inapita juu, miale inapenya matawi, miti inafutika, unabaki na ardhi tupu. Hata mahandaki ya vita unayaona. Mwaka huu imetoka mpya, nikailinganisha na ile ya zamani. Hapa ardhi imetitia, urefu wa mtu."

"Miaka yote hiyo hukuwahi kupita hapa?"

"Tuligawana msitu kwa miraba, mimi na Roman, mlinzi wa msitu. Mraba ukishapekuliwa, unapakwa kijani kwenye ramani yetu. Huu ulikuwa wa kijani."

"Aliupaka nani?"

"Roman."

Roman Sadko aliletwa kituoni mchana huohuo. Alikaa amekunja mikono.

"Mraba wa arobaini na moja uliupekua lini?"

"Nani akumbuke? Ule msitu, afande, si bustani ya shangazi yangu."

"Simu yako inakumbuka. Imeweka njia zako zote. Miraba mingine umeikata huku na huku. Huo umeuzunguka tu, mara kumi na moja."

Roman alikunjua mikono.

"Mimi na Witek tulikuwa tunafukua makaburi ya wanajeshi," alisema. "Vifungo, medali. Siku ile Witek akakuta pete kidoleni, akasema basi, anaripoti. Mimi ndiye mlinzi wa msitu! Ningepoteza kazi, na nyumba ninayokaa ni ya kazi. Akatoa simu. Nikampiga mara moja tu."

"Halafu ukaandamana na kaka yake miaka sita."

"Angekuwa peke yake, angepekua kila mahali."

Danuta alimweleza Zenon ukumbini. Zenon hakulia wala hakutukana.

"Ile sahani ya ziada tunayomwekea mgeni asiyetarajiwa, Mkesha wa Krismasi," alisema baadaye, "mama huiweka kwenye kiti cha Witek. Miaka sita aliyekikalia ni Roman. Mama mwenyewe alikuwa akimkaribisha, akimwongeza supu ya bitiruti."

Danuta alilifunga daftari lake.

"Nimwambieje mama, afande?"

Inspekta alichukua koti lake, akamfungulia mlango, wakaenda pamoja kwa mama yake.